Jiwe la Darasa la Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa kumfikia bibi kiunoni, nilikuwa na mkono mfupi, na mkono huo nusura uninyime shule. Watoto wa siku hizi wanaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Sisi tulipimwa kwa sikio. Unasimama mbele ya mwalimu, unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na vidole vikigusa sikio la kushoto umeiva, unaandikwa. Visipogusa, rudi nyumbani ukachunge ndama. Mwaka wa kwanza nilipopelekwa, vyangu viliishia kwenye nywele. Mwalimu Mkuu alicheka, akaniambia niende nikale ugali kwanza. Nililia njia nzima.

Mwaka uliofuata kazi yangu ilikuwa kujinyoosha. Nilining'inia kwenye nguzo za zizi. Dada yangu alinivuta mkono huku amenikanyagia ubavu, mpaka mama akatuuliza kama tunataka kung'oa bega au vipi. Kila jioni nilijipima, na kila jioni nilidanganya kidogo kwa kuinamisha kichwa.

Nayakumbuka haya kwa sababu nimeombwa niandike historia ya shule ile. Mwenyekiti wa kamati ya shule alinipigia simu. "Madamu, ukurasa mmoja tu," alisema. "Tutaubandika ofisini, watoto wajue walikotoka." Nikamwambia sawa, kesho kutwa utakuwa tayari. Hii ni wiki ya pili sasa. Mistari ya mwanzo ilitoka vizuri, lakini nikifika mwaka ule wa pamba kalamu inagoma.

Shule yenyewe iko upande wa Bariadi, kwenye njia ya kwenda Lalago, ambako ardhi ni nyeusi na mvua ikinyesha gari linalala palepale liliponasa. Siku hizo hapakuwa na mkoa wa Simiyu, tulikuwa watu wa Shinyanga. Shule ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali mabichi na bati, na chumba cha darasa la kwanza kilikuwa na jiwe sakafuni.

Lilikuwa jiwe la kusagia, pana, limechimbika katikati kwa kusagiwa mtama miaka na miaka, nalo lilikaa upande wa nyuma, chini kabisa ya dirisha. Lilikuwa la Minza, mama yake bibi yangu. Pale palikuwa kwake. Mahali pa makazi ya zamani sisi Wasukuma tunapaita itongo, na itongo halichezewi ovyo, maana wenyewe waliolala pale wanajua nani kaingia na nani katoka. Watu walipokusanywa kwenye vijiji na shule ikapangiwa pale, Minza alikuwa ameshakufa. Wajenzi walipochimba msingi wakalikuta jiwe lake. Wanasema waliliburuta kwa maksai wanne, nira ikavunjika, jiwe halikusogea hata kidole. Bibi alisema ni uvivu tu, lakini alisema hivyo kwa sauti ya kuridhika. Basi wakajenga chumba kulizunguka.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Siku ya kwanza ya shule kila mtoto wa darasa la kwanza alibeba kiganja cha mtama kutoka nyumbani, akakidondosha juu ya jiwe, akaenda kukaa. Tuliita kumsalimia mwenye nyumba. Walimu wengi walikuwa watu wa kuja, wengine walokole, na saa hiyo waligeukia ubaoni wakajifanya wanatafuta chaki.

Mimi nilikuwa nimepewa jina la huyo bibi wa jiwe. Nilizaliwa nikalia siku nne bila kunyonya. Wakataja majina ya wazee mmoja mmoja, na walipotaja Minza nikanyamaza nikashika titi. Ndiyo maana bibi, mama mzaa baba, mwanamke mkali ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alimkwepa njiani, mimi aliniita mayu, yaani mama. Akiwa na hasira na kaya nzima aliniita kwa upole, "Mayu, nipatie ugoro wangu pale." Nilikuwa mtoto wa miaka minane mwenye binti wa miaka sabini. Sikuona ajabu yoyote.

Pia nilikuwa nikimwota huyo Minza wa jiwe. Ndoto yenyewe ilikuwa moja tu. Mwanamke ameinama kwenye jiwe, mgongo kwangu, anasaga. Unga unatoka mweupe, mwingi, unapeperuka taratibu, unatua juu ya migongo ya ng'ombe, juu ya paa za nyumba, juu ya mikono yangu. Sikuwahi kuuona uso wake. Nikiamka niliendelea kusikia jiwe likisaga, mbali, na sikujua kama ni usingizi haujaisha au ni mama anatwanga uani.

Kisha ikaja ruksa. Watu wazima waliitaja kila mahali: ruksa kuuza hiki, ruksa kununua kile. Mitumba ikawa ruksa, sabuni zikajaa madukani, na mwishowe ruksa ikafika kwenye pamba. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake. Sasa wakaja wanunuzi wa watu binafsi, kila mmoja na mizani yake. Kwetu alikuja kijana mmoja mwenye kofia ya pama na pikipiki. Sisi watoto tulimwita Bwana Pamba. Hakuwa na ghala, na ghala la ushirika lilikuwa limefungwa kwa ugomvi wao wenyewe, kwa hiyo serikali ya kijiji ikampa chumba cha darasa la kwanza. Ndicho kilichokuwa na mlango wa mbao uliobaki mzima. Yeye akaahidi bati za nyumba ya mwalimu. Darasa la kwanza wa mwaka ule wakabanwa pamoja na la pili, ikaonekana ni jambo la mwezi mmoja.

Mwezi mmoja! Pamba iliingia Julai, ikapanda mpaka usawa wa dirisha, jiwe likafunikwa. Oktoba kiwanda cha kuchambulia kikasema kimejaa, asubiri zamu. Novemba mvua ikaanguka, barabara ikawa tope, malori yakakoma. Desemba ilipofika pamba bado imelala mle ndani, nyeupe, na mlinzi wake, Mzee Masunga, amehamishia kitanda chake barazani.

Bwana Pamba hakuwa mtu mbaya. Lazima niliseme hilo. Siku moja alinikuta njiani na ndoo kichwani, akasimamisha pikipiki, akanipa peremende.

"Unasoma darasa la ngapi?" aliniuliza.

"Sijaanza. Naanza Januari."

"Utaanza tu," alisema, akanikonyeza, akawasha pikipiki yake. Peremende ile niliila siku tatu, nikiilamba na kuirudisha kwenye karatasi yake.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki moja kabla ya Krismasi. Tulikaa na bibi pembeni, upande wa wanawake. Mwenyekiti wa kijiji akasimama, akazunguka sana na maneno, mwisho akalitema. Chumba hakitapatikana. Mwakani darasa la pili na la tatu ndio watakaobanana, chumba kingine ni cha wakubwa, na pa kuweka watoto wapya hapapo. Darasa la kwanza wasubiri mwaka mwingine.

Nilisikia masikio yakipiga kelele. Mkono wangu ulikuwa umefika! Wiki ileile ulikuwa umefika, bila kuinamisha kichwa, dada alikuwa shahidi. Nilimtazama baba yangu upande wa pili, naye alikuwa anaongea na jirani kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huyu wangu akisubiri mwaka mwingine atakuwa mkubwa mno kukaa na vitoto," alisema. "Shule ikifunguliwa bila yeye, namtuma Kalemela kwa dada yangu, akamlelee mtoto." Kalemela ni kwenye ziwa, kwenye dagaa. Binamu yangu alipelekwa kule kulea mtoto wa miezi sita, akarudi na wa kwake mgongoni.

Ndipo bibi akainuka. Alichukua muda, maana goti lake moja lilikuwa bovu, na watu wakanyamaza wote mpaka alipomaliza kunyooka.

"Lile jiwe halijazoea kukaa bure," alisema. "Mmeliwekea watoto, limewasaga wakawa walimu na makarani. Sasa mmeliwekea pamba. Litasaga pamba."

Wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka, alisema tuendelee na ajenda inayofuata. Bibi alinishika mkono tukaondoka kabla mkutano haujafungwa, akitembea mbele yangu kwa hasira na goti lake lile, ananung'unika majina ya watu na majina ya baba zao.

Kesho yake kulipambazuka na ukungu. Aliniita nyuma ya jiko, mahali anapohifadhi vibuyu vyake.

"Mayu, jiwe lako lina kiu."

"Jiwe linakunywa, bibi?"

"Wewe ukilaliwa na pamba miezi yote hii utakosa kiu?"

Nilifikiri, nikaona ana haki. Akanieleza. Kila alfajiri nikitoka kisimani nipite nyuma ya shule. Dirisha halina kioo, lina fito tu. Niinue ndoo, nimimine nusu mle ndani, chini palepale kwenye ukuta, juu ya jiwe. Halafu niseme, "Kunywa, mwenye nyumba." Nisimwambie mtu, kwa sababu nikisema kiu hiyo itanihamia mimi, na hakuna kisima cha kuimaliza.

"Jiwe ni la kwako," aliniambia. "Lingekuwa la kwangu ningelinywesha mwenyewe."

Basi nikalinywesha. Alfajiri zile zimebaki kwangu kama sehemu ya ndoto yangu, sizitenganishi vizuri. Ukungu umelala mbugani mpaka ng'ombe wanaonekana migongo tu. Kengele zao unazisikia kabla ya kuwaona. Mimi na ndoo, miguu ina tope la kufika vifundoni, ukuta wa shule unatokea ghafla mbele yangu. Kule mbele Mzee Masunga anakohoa kwenye moto wake. Nilimwamkia nikipita, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia toka ndani ya blanketi, "Mwangaluka, mayu, ndoo si itakuvunja shingo hiyo?" Nazunguka nyuma. Napanda juu ya tofali. Namimina. Maji hayakutoa sauti yoyote, pamba iliyanywa kimya, na hapo ndipo nilipoamini kabisa kuwa kuna mtu chini anakunywa. Baada ya siku kama kumi mkono ulipopita kwenye fito nilisikia joto likipanda, joto la pumzi. Sikuogopa, jamani. Nilifurahi. Nilijua anapumua.

Mzee Masunga ndiye aliyeogopa. Alianza kusema kwenye vilabu vya pombe kwamba akilala anasikia kitu kinasaga, krr, krr, ndani ya chumba kilichofungwa kufuli. Watu walimwambia ni panya, au ni yeye mwenyewe anakoroma. Siku ya tatu akahamisha kitanda chake mpaka chini ya bendera.

Shule ilifunguliwa Januari, darasa la kwanza hawakuitwa. Baba alimwagizia shangazi kwamba Jumamosi nitapanda gari la mnadani. Mama alinifulia gauni langu, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa rambo. Mfuko ule ulikaa mlangoni na mimi nikawa naupita na ndoo yangu, alfajiri baada ya alfajiri, namimina, nasema kunywa.

Siku ya Alhamisi jua likawaka, njia ikakauka kidogo, na Bwana Pamba akatokea na lori. Kijiji kizima kilikwenda kutazama, kwa kuwa lori lilikuwa jambo. Alifungua kufuli. Mlango ulipofunguka ikatoka harufu ya pombe iliyochacha, na joto likatupiga usoni mpaka waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Vibarua wakaanza kuvuta pamba. Ya mbele ilikuwa nzuri. Walipofika katikati ikaanza kufuka, mvuke mweupe ukipanda taratibu kwenye mwanga wa mlangoni. Ya nyuma, ya upande wa dirisha, ilikuwa nyeusi na kahawia. Kibarua mmoja aliichukua kiganjani, akaifikicha, ikawa unga.

"Imesagika!" alisema, akaitupa, akajifuta mkono kwenye suruali. "Mayu we! Imesagika!"

Watu wote waligeuka kumtazama bibi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la msingi la chumba cha pili, anajaza ugoro puani.

Bwana Pamba alipiga kelele kwanza. "Mliimwagia maji mkaniuzia! Mmeongeza uzito, wezi nyinyi!" Ni kweli mchezo huo ulikuwepo. Lakini mzee mmoja akamuuliza kwa utulivu, "Tulikuuzia Julai, kijana. Maji ya Julai yanakaa mpaka Januari?" Bwana Pamba akapanda juu kukagua bati. Hapakuwa na tundu. Akashuka, akazunguka, akatazama ardhi iliyolowa mvua kila mahali sawasawa, kisha akakaa kizingitini akavua kofia. Mpaka siku hiyo tulidhani ni mtu wa mjini, wa Mwanza huko. Akaanza kusema Kisukuma, cha Lalago kabisa, kama chetu. Alisema, "Ng'ombe wa baba. Ng'ombe wa baba wote." Alikuwa amewauza apate mtaji wa biashara ile.

Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia. Wanaume wa kwetu, wafugaji wote, waliinama chini wakatazama miguu yao, kwa sababu kila mmoja alijua zizi tupu linavyoonekana asubuhi. Mimi nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Mkono wa bibi ukatua begani kwangu, mzito, na kiu ikanishika kooni papo hapo. Nikafunga mdomo.

Bwana Pamba aliondoka na nusu ya pamba yake, hakurudi tena. Hakuna aliyewahi kuomba chumba kile kuweka kitu. Siku mbili wanawake walizoa uozo, wakapiga sakafu upya kwa udongo na samadi, na Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu akatuita darasa la kwanza. Jumamosi ya gari la mnadani ilikuwa imepita, baba hakunituma tena kwa kuwa chumba kimepatikana, na mfuko wa rambo ulikuwa umerudi ndani. Nilipitisha mkono juu ya utosi, nikalishika sikio zima, nikalivuta.

"Basi, basi, utaling'oa," alisema Mwalimu Mkuu.

Nilidondosha mtama wangu kwenye jiwe, naye akageukia ubaoni kutafuta chaki. Jiwe lilikuwa bado na uvuguvugu. Nilikaa karibu nalo mwaka mzima, na ndoto ya mwanamke anayesaga haikunijia tena.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, nikafundisha Maswa, nikafundisha Mkula, na mahali fulani katika miaka hiyo, nikiwa na shamba langu mwenyewe la pamba, nilijifunza kile ambacho kila mkulima wa kwetu anakijua: pamba ikilowa ikiwa imerundikwa, inapata moto ndani kwa ndani, inaoza mpaka inakuwa vumbi. Nilikuwa nimeshika jembe siku hiyo. Nilisimama katikati ya shamba, nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha nikamwona yule kijana kizingitini na kofia yake mkononi.

Nilikwenda kwa bibi. Alikuwa amelala kitandani muda mrefu, amekuwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa namwosha sasa kama mama kweli. Nikamuuliza, mchana kweupe, nikimkausha miguu.

"Bibi, ulijua?"

"Nimelima pamba tangu sijaota matiti," alisema. "Utaniuliza kama najua pamba?"

"Yule kijana, ng'ombe wa baba yake wote waliisha."

Alifumba macho. Nikadhani amelala. "Namwota," alisema. "Analia kwa lugha yetu. Ningejua ni wa kwetu, sijui." Kisha akafumbua macho, na yalikuwa makali kama zamani. "Lakini Kalemela ungekwenda. Mimi nilipeleka maji tu mpaka kwenye mikono yako. Aliyekataa pamba ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yupi, bibi?"

"Si wewe, mayu?"

Nimekaa na neno hilo miaka mingi. Wakati mwingine naliona ni ujanja wa mzee anayejivua lawama. Wakati mwingine, hasa asubuhi za ukungu, naamini kwamba palikuwa na mtu chini ya ile pamba, ana kiu, anataka watoto wake warudi, na kwamba mtu huyo alikuwa na mikono yangu. Ninachojua bila shaka ni kwamba nilipata shule na kijana mmoja wa Lalago akakosa zizi, na ni ndoo ileile. Nimemuulizia kila niliyekutana naye wa upande ule. Hakuna anayemjua.

Vyumba vile vilishabomolewa, sasa kuna madarasa ya matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji. Jiwe bado lipo. Mafundi walilizunguka kama wale wa kwanza. Leo asubuhi nimemaliza ule ukurasa wa mwenyekiti. Wakitaka waubandike, wakitaka wautie kwenye moto, shauri yao. Nimeandika mwaka shule ilipojengwa, na maksai wanne, na nira iliyovunjika. Nimeandika kwamba wakati wa ruksa darasa la kwanza liligeuzwa ghala, na pamba ya kijana mmoja mwema wa Lalago iliozea humo kwa maji. Maji niliyamwaga mimi. Chini nikaweka sahihi: Minza, mwenye nyumba.